Koti la Zamu

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Mlandege mwezi wa saba, usiseme unaijua baridi. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, kwenye baraza ya duka la vitambaa ambalo mwaka ule, baada ya vita kwisha, halikuwa na kitambaa hata cha kufutia kamasi. Mwenye duka alikuwa anauza viberiti na chumvi, tena kwa kununa. Hapo ndipo Asukile muuza kahawa alipotua birika lake kila asubuhi, na hapo ndipo shida zote za dunia zilipopatiwa dawa. Dawa ya shida ya nguo walishaigundua zamani: watu watatu walichanga wakanunua koti moja la mtumba, kafa Ulaya, jeusi, zito, lina bitana inayong'aa, wakawa wanalivaa kwa zamu, kila mtu wiki yake, kukabidhiana Jumapili baada ya misa. Mtaa mzima ukawasifu kwa akili. Sasa ilikuwa Ijumaa asubuhi, koti lilikuwa limelazwa kwenye jeneza, na ndani yake alikuwemo Bartolomeo.

Joachim alikuwa hajagusa kahawa yake. Yeye ni tarishi wa ofisi moja pale mjini, na kijiweni walimwita Mheshimiwa, kwa jinsi shingo yake ilivyokuwa inarefuka kila zamu yake ya koti ilipofika. Kesho yake alikuwa anamwoza binti yake Paskalina, na wakwe walikuwa njiani kutoka Mbeya. Siku ya posa alikuwa amevaa koti lile, na baba wa kijana, Mnyakyusa mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alilishika kola mbele za watu akasema, “Hapa naona nimefika kwa mtu.” Joachim akanyamaza, akaacha sifa imwingie kama uji wa moto. Ukimvua koti hilo, alibaki na shati ambalo fundi alishaligeuza kola likavaliwa upande wa pili, na upande wa pili nao ukaisha.

– Nani alimvika? akauliza, kwa mara ya nne.

– Si nimekwambia, akina mama wa jirani, akasema Silvester. Huyu ndiye waliyemwita Redio, kwa kuwa habari zote alikuwa nazo yeye, za kweli na za kupikwa. – Walikuta linaning'inia msumarini. Zamu ilikuwa ya marehemu. Wangejuaje kama ni la shirika?

– Na wewe ulikuwepo. Una theluthi yako kwenye lile koti. Ulisema nini?

– Nilisema pole.

– Pole!

– Wewe ungesema nini, Mheshimiwa? Mama wa watu anamfunga vifungo huku analia, niseme toa mkono hapo, mwenzenu ana harusi?

Maganga akacheka peke yake, halafu akaona hakuna aliyemfuata, akaacha. Hakuwa na hisa kwenye koti, ila kwenye mashauri ya benchi alikuwa na hisa kubwa kuliko wote. Alikuwa mpasua mbao, wakamwita Msumeno.

– Mnasumbuka bure, akasema. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Bartolomeo hayupo. Basi na koti lake halipo. Limebaki lenu wawili. Nendeni mkalivue.

– Methali hiyo ni ya mtu aliyechelewa chakula, akasema Asukile.

– Kuna kuchelewa kuliko kufa?

Redio akajisogeza. Shauri lilikuwa limempendeza.

– Sikilizeni. Jeneza likifunguliwa watu wanaona uso tu. Shuka linakuja mpaka kidevuni. Aliyemo ndani amevaa koti, amevaa gunia, nani anajua? Mimi nasema hata walio hai tungefanya hivyo. Vaa kola peke yake, funga tai, juu jifunike blanketi. Kitambaa kinachovaliwa ndani ni hasara kwa taifa.

– Hata sabuni ni hasara, akasema Msumeno. Nguo haimalizwi na mwili, inamalizwa na kufuliwa. Mimi suruali hii sijaifua tangu masika, na angalia, inasimama yenyewe.

– Tunaisikia, akasema Asukile, akageuza pua.

Siku nyingine Joachim angecheka mpaka amwage kahawa. Siku hiyo alikuwa anahesabu kichwani: mazishi saa tisa, basi la Mbeya jioni, misa kesho saa nne. Alikuwa anawachukia wote watatu, na aliyemchukia zaidi, Mungu amsamehe, alikuwa marehemu. Mtu akose siku nyingine ya kufa!

– Tulikubaliana, akasema. Ijumaa hii alikuwa anikabidhi mimi. Zamu yake tuliikata siku mbili kwa ajili ya harusi. Yeye mwenyewe alisema sawa, Mheshimiwa, mtoto ni wetu sote.

– Basi sasa nendeni kwa haki, akasema Msumeno. Msimdhulumu. Ana theluthi. Theluthi ya koti ni mkono mmoja na mfuko. Leteni mkasi, mkono mmoja azikwe nao, na wewe Mheshimiwa kesho unakaa kanisani upande upande, mkono mzima uelekee kwa wakwe. Haba na haba hujaza kibaba.

– Ushenzi huo, akasema Asukile.

– Ushenzi ni kulizika zima! Mali ya bahili huliwa na mchwa. Hiyo si ndiyo yenyewe? Mchwa wa Iringa watavaa bitana, na mzazi wa bibi harusi amesimama na shati lina macho!

Joachim akasimama. Hapo ndipo nikwambie jambo ambalo yeye mwenyewe hakupenda kulijua: alikuwa ameshaamua. Angekwenda msibani kabla padre hajafika, awaombe akina mama wampishe aagane na rafiki yake, afunge mlango. Vifungo vitatu tu.

– Redio, twende. Wewe utashika mlango.

– Mimi?

– Una theluthi.

Redio akatazama kahawa yake kama vile ilikuwa imemwita. Kabla hajapata uongo wa kusema, mwanamke mmoja akatokea kwenye kona ya duka, anatembea kwa kuulizia njia kwa macho. Alikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Gauni lake jepesi, mabega wazi, na mkononi alibeba kitu cheusi kilichokunjwa vizuri.

– Shikamooni, kaka zangu.

– Marahaba. Kamwene, karibu, wakajibu.

– Mimi naitwa Mbuke. Ni mdogo wake Bartolomeo. Nimefika alfajiri, natoka Ubaruku. Nimeambiwa kwenye benchi hili ndiko waliko rafiki zake.

Wote wakasimama, wakavua kofia, wakatoa pole moja baada ya nyingine. Joachim akatoa ya mwisho, macho yake kwenye kile kitu cheusi. Alikuwa ameiona bitana.

– Jirani mmoja ameninong'oneza kwamba koti hili ni lenu wote, akasema Mbuke. Nikasema basi, mali ya watu haizikwi. Kwetu mtu haendi kaburini na deni. Nimemvua mwenyewe, nimemfunika kitenge changu nilichosafiri nacho. Kuna anayelihitaji kesho, wamesema.

Akalinyoosha. Joachim akalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa limepigwa brashi. Moyo wake uliruka kwa furaha, hakuna la kuficha, na papo hapo akaionea haya ile furaha.

– Ahsante, dada. Mungu akubariki. Hujui umenitoa wapi.

– Usijali. Ila nina swali dogo, maana mama ataniuliza nikirudi. Wanasema ni kichomi. Wanasema kaka alikuwa analinda ghala usiku.

– Ndiyo, akasema Redio haraka, kwani hapa alikuwa na habari. – Ghala la chini kule, karibu na mto. Mlinzi hodari. Miaka mitatu hajawahi kuibiwa.

– Na koti lilikuwa la zamu.

– La zamu, kila mtu wiki yake.

– Sasa zile wiki koti likiwa kwenu, akauliza Mbuke, kaka yangu alikuwa analinda amevaa nini?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua akapeleke jibu, akasubiri.

Msumeno, ambaye hakuwahi kukosa methali, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Joachim akatafuta kichwani. Alijua Bartolomeo alipenda kahawa bila tangawizi, alijua alivyokuwa akikohoa kabla ya kucheka. Lakini zile wiki nyingine, wiki ya Redio na wiki yake yeye, hakumpata kabisa. Hakuwa anakuja kijiweni. Walikuwa wakisema ni ubahili wa kahawa, na wakicheka sana. Usiku wa wiki zake Joachim alikuwa amelala nyumbani, na koti limelala kwenye msumari, akilitunza kwa ajili ya Jumapili.

– Dada, akasema. – Hatujui.

Mbuke akatikisa kichwa taratibu, kama aliyekuwa ameshalihisi jibu hilo tangu Ubaruku. Akawashukuru. Akajikumbatia mabega kwa baridi, akageuka kurudi msibani.

Asukile akainamisha birika kumjazia Joachim kikombe, likatoka tone moja na masalia. Hakuna aliyelalamika. Joachim akaweka kikombe chini. Akamkimbilia yule mwanamke, akamvisha koti mabegani, akatembea naye bega kwa bega na shati lake la kola iliyoisha pande zote mbili.

– Tumrudishie kaka yako kabla padre hajafika, akamwambia. Kitenge ukichukue wewe.

Na wale waliobaki kwenye benchi, hakuna hata mmoja aliyemwuliza kesho atavaa nini.