Mkanda wa Tyubu

Nyuma yangu kwenye basi alikaa fundi wa matairi, ambaye alishamtangazia kondakta mara mbili kwamba anashuka kituo cha mwisho. Sasa alikuwa akimpa mama wa pembeni yake darasa ambalo hakuliomba. "Magari haya ya zamani, dada yangu, kuna mkanda mpana wa mpira kati ya tyubu na ringi. Ukiutoa, kutu inaitafuna tyubu taratibu, halafu siku moja gari likiwa kasi, paa!"

"Lori la mume wangu lilipasuka tairi la mbele," mama akasema. "Ofisini walisema alisinzia."

"Kusinzia wapi! Huyo alitoa mkanda. Madereva ndio zao, wanaukata wafungie mizigo."

"Wangu aliukata vipande akawamba kitanda chetu. Kamba zilikuwa zimelegea, nikamsumbua mimi."

Fundi akapunguza sauti. "Lakini, dada, nyingine hupasuka hata zikiwa na mkanda. Barabara mbovu, mzigo..."

"Si umesema kutu?"

"Nimesema, lakini..."

"Kitanda bado nakilalia, peke yangu. Hakijalegea tena."

Basi likasimama sokoni, katikati ya safari. Fundi akashuka.