Gauni la Bluu Lisifuliwe

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Pindo, mwalimu wa ushonaji na mtafiti wa historia ya mavazi. Amefariki. Nimelisema neno hilo tangu asubuhi, mbele ya kipaza sauti kilichozimwa, na bado linanitoka mdomoni kama taarifa ya hali ya hewa.

Jina la Mama Pindo alipewa na wanafunzi wake. Alikuwa haoni nguo asiigeuze. Alikushika pindo, akatazama ndani, ndipo akakusalimu. Alipokuja studio hii alinichungulia shingoni. "Kola hii ilichakaa, ikageuzwa, mwanangu," akasema. "Aliyeigeuza anajua kazi." Ni kweli. Shati lilikuwa la marehemu baba.

Alifundisha chuoni hadi alipostaafu, kisha akahamia maktaba. Hakukaa kwenye rafu za kila mtu. Alikaa kwenye chumba cha makusanyo maalumu, ambako vitu haviazimwi. Mkoba unauacha mlangoni. Unanawa mikono, unaikausha. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Mtunzaji anakuletea sanduku moja, ukimaliza ndipo unaletewa jingine.

Alianza na picha za studio za zamani. Kisha akapekua magazeti ya mitindo, atafute kola ile ile, mkono ule ule, apate mwaka wa picha. Mwisho aliomba nguo yenyewe. "Gazeti linaonyesha watu waliuziwa nini," alikuwa akisema. "Nguo inaonyesha waliifanyaje." Kiuno kilichofumuliwa ni mimba. Pindo lililoshushwa ni binti aliyerefuka.

Sasa, mdogo wake ni dobi. Ndiyo, wasikilizaji, dobi. Dada mmoja anatafuta jasho la watu, mwingine analiondoa, na wote nyumba moja. Mkubwa alimshutumu mdogo kwamba anafua ushahidi. Mdogo alimjibu kwamba ushahidi wenyewe unanuka kwapa.

Siku moja maktaba ilipokea gauni la arusi. Familia ilikuwa imelifua na kulipiga pasi, kwa heshima. Chaki ya fundi ilikuwa imetoka yote. Mama Pindo alirudi nyumbani akalala bila kula. Kwa hiyo alipougua alimwomba mdogo wake jambo moja. Gauni lake la kazi, lile la bluu, lipelekwe maktaba. Lisifuliwe.

Amefariki. Tulimzika. Ndugu wakaondoka. Dobi akaloweka mashuka, akaloweka mito, akaloweka kila kitu. Gauni la bluu likabaki nyuma ya mlango, na chaki pale kwenye nyonga alipozoea kujifutia mkono, na jasho kwenye kola. Aliniambia alilitazama ndoo ikiwa imejaa maji.

"Nimpelekeje dada yangu kwa watu akiwa mchafu?" aliniuliza. "Tena mimi, dobi?"

Maji aliyamwaga. Gauni akalikunja, akalipeleka. Mtunzaji alililaza kwenye sanduku, akamweleza kwa upole kwamba sasa halitoki tena.

Wiki iliyofuata alirudi, akaomba sanduku lile kama msomaji mwingine yeyote. Akaacha mkoba mlangoni. Akanawa mikono, akaikausha. Akapewa penseli. Nilimuuliza aliandika nini.

"Sikuandika kitu," alisema. "Niligeuza pindo. Kumbe ni mshono wangu. Aliumwa mkono mwaka fulani, nikamshonea mimi, na mimi sindano sijui kuishika. Limepinda kama nyoka. Mwalimu mzima, na hakulifumua."

Aliyasema bila kulia. Nami nimewasomea bila kulia.

Dobi wetu, pole sana. Poleni ndugu, poleni wanafunzi wake, pole mtunzaji wa chumba kile. Nanyi mnaonisikiliza, pengine kuna nguo nyuma ya mlango wenu, na mwenyewe hayupo. Kabla hamjailoweka, igeuzeni. Tazameni pindo.