Marehemu Mahfoudh Mcha wa Sokomuhogo na Mashine Yake ya Sauti

Wasifu huu unasomwa leo, Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025, baada ya hitma ya arobaini ya marehemu Mahfoudh Mcha Nahodha, hapa nyumbani kwake Sokomuhogo, Mji Mkongwe. Umeandikwa na binti yake, Nasima, na kila mstari umepita kwa mkewe, Bi Mize, ambaye yumo ndani ya eda na hawezi kutokea hapa barazani akasema mwenyewe. Anayeusoma ni Anwar, mdogo wa marehemu, naye ameahidi kutoruka mstari hata akikonyezwa. Siku ya maziko yalisemwa maneno yasiyo ya kweli mbele ya watu, katika baraza hii hii. Basi na kweli isemwe hapa hapa, mbele ya watu wale wale.

Marehemu alizaliwa Kikwajuni tarehe 9 Februari 1962, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Mcha Nahodha, karani wa forodha, na Bi Mwatum, mwenyeji wa Makunduchi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema lakini hakuchelewa kusikia. Akilia, jirani hufungua redio naye akanyamaza, na stesheni ikiwa haikukaa sawa huanza kulia upya.

Alihitimu msahafu katika chuo cha mtaani akiwa na miaka kumi na moja. Skuli alifika darasa la kumi, mwaka 1978, akaacha. Mwalimu mmoja alimwandikia kwenye ripoti yake, "Ana mikono, hana kichwa." Marehemu aliitundika ripoti hiyo juu ya meza yake ya kazi na ipo mpaka leo, atakaye apande ghorofani akaitazame. Mwalimu huyo baadaye alimletea redio yake mara nne kutengenezwa, na mara zote nne ilirudi ikisema.

Alijifunza ufundi kwa fundi mmoja wa redio wa Mkunazini, na mwaka 1984 akaajiriwa kuwa fundi umeme wa pampu za maji. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, mpaka alipostaafu 2022. Katika muda wote huo hakuna aliyewahi kusema kwamba Mahfoudh Mcha alishika kitu akakiharibu. Hilo tunaomba lisikilizwe vizuri.

Mapenzi yake hasa yalikuwa nyumbani. Mwaka 2009 redio moja ya bara ilifungwa, naye akanunua prosesa yake. Kwa asiyeijua, prosesa ni sanduku la chuma linalokaa kati ya studio na mtambo wa kurushia matangazo. Huinua sauti iliyo ndogo na kuizuia iliyo kubwa isipasuke, ili msikilizaji apate sauti iliyotulia, iwe taarabu au taarifa ya habari. Stesheni huitumia kwa kazi. Marehemu aliitumia kwa raha yake, kama wengine wanavyofuga njiwa. Aliingiza humo redio na kanda zake, akazitoa kwenye spika nne za nyumbani, na jioni nzima ikapita akipandisha namba hii na kushusha ile. Hewani hakurusha kitu. Askari walikuja mara mbili, wameambiwa kuna stesheni ya wizi. Wakanywa kahawa, wakasikiliza nyimbo tatu, wakaenda zao. Mtaani walimcheka, "Mahfoudh kanunua redio isosema!" Mwenzake pekee katika mapenzi hayo hapa kisiwani alikuwa Hamid, fundi wa sauti wa hoteli moja ya Kiwengwa, na wawili hao waliweza kubishana wiki nzima juu ya namba moja.

Ndoa yake na Bi Mize ilifungwa Malindi, Ijumaa tarehe 17 Agosti 1990. Kabla ya hapo marehemu alikwenda kwa kina Bi Mize kutengeneza redio ya mzee wao. Ilipoanza kusema, Bi Mize alipita na sinia la chai akasema peke yake, "Huyu mtangazaji ana mafua, anajikaza tu." Kesho yake mtangazaji hakuonekana kazini, sauti imemkauka. Wiki ya pili posa ikaletwa. Wakwe walidhani kijana amependa sura. Sura aliipenda, lakini haikuwa sura peke yake.

Kwa hiyo mashine ile ilikuwa na mafundi wawili. Marehemu hukaa ghorofani akigeuza namba, Bi Mize yuko jikoni anakuna nazi, spika ndogo iko juu ya kabati.

"Sini inachoma!" Bi Mize hupaza sauti.

"Na sasa?"

"Sasa imekuwa tha. Rejesha kidogo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao. Kazi haikwisha mpaka Bi Mize aweze kuipambanua herufi ya sini na ya tha katika kinywa cha msomaji wa Qur'ani, huku moto unawaka na sufuria zinagongana. Namba zilizokubalika aliziandika Bi Mize, kwa mkono wake, katika daftari lenye jalada jekundu.

Mwaka 2019 masikio ya marehemu yalianza kumtoka, na hakuwahi kulificha jambo hilo. Kila aliyemletea kazi alimwambia mlangoni, "Sauti nyembamba sizisikii tena. Anazisikia Mize." Kama uziwi ni aibu, basi aibu hiyo aliibeba mchana kweupe, mbele ya kila mtu.

Sasa tunafika tunapotaka kufika. Mwezi wa Shaaban mwaka huu, redio moja ya hapa mjini iliunguliwa na prosesa yake baada ya umeme kukatika na kurudi kwa fujo. Jina la redio hiyo halitajwi, na si kwa heshima. Hakuna aliyekaa hapa asiyeijua. Meneja wake alipanda ngazi hizi mwenyewe, akala mkate wa kumimina wa Bi Mize, akaomba kuazima mashine mpaka Idi. Marehemu hakudai kitu. Alhamisi tarehe 27 Februari aliibeba mpaka studio kwao, akaifunga, akashinda huko mpaka alasiri akiipanga, Bi Mize akisikiliza redio nyumbani na kumwelekeza kwa simu. Alipomaliza alibandika karatasi juu ya kifuniko: "Msiongeze nguvu. Kimya kiachwe kiwe kimya."

Waliongeza. Walitaka wasikike kwa kishindo kuliko stesheni za jirani, ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine. Mashine ya aina hii ikizidishwa huinua kila kidogo inachokikuta, hata pumzi, hata feni. Alhamisi tarehe 13 Machi, kabla ya futari, sheikh alikuwa anatoa darasa studio. Kila akinyamaza kuvuta pumzi, feni inanguruma. Na katika pumziko moja, ametoka tu kutaja hesabu ya akhera, kisiwa kizima kikasikia mtu akinong'ona pembeni, "Sambusa za nyama zimebaki?"

Watu walicheka kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. Baadaye wakakasirika, na simu zikaanza kumiminika studio. Asubuhi ya pili, Ijumaa, saa nne, meneja aliingia hewani mwenyewe akasema mitambo yao imeharibiwa na "fundi mzee wa Sokomuhogo, kiziwi, aliyejitia kujua." Hakutaja jina. Sokomuhogo ina fundi mzee kiziwi mmoja.

Bi Mize aliyasikia jikoni, kisu mkononi. Marehemu alikuwa sebuleni akamwona mkewe kasita.

"Wanasema nini?" akauliza.

"Hawasemi kitu. Tangazo la maji."

Kwa ndoa ya miaka thelathini na minne, hiyo ndiyo mara pekee Bi Mize alimficha mumewe alichokisikia, tena kwenye funga. Alidhani maneno yatapita kabla hayajamfikia. Ameomba liandikwe, nasi tumeliandika.

Ijumaa tarehe 4 Aprili, Idi imekwisha, marehemu alikwenda kuchukua mashine yake. Mlinzi wa mlangoni alimtazama akamwambia, "Mzee, ndo wewe ulotangazwa? Nimeambiwa usiingie." Meneja alikuwa juu, gari lake liko nje. Hakushuka. Marehemu alirudi kwa miguu kwenye jua, akakaa ngazini, akamwita mkewe.

"Naam."

"Mize, ulisikia?"

"Nlisikia."

"Na hukunambia."

"Sikutaka uumie."

"Mimi sina masikio mengine ila wewe," alisema. "Ukinificha wewe, nani wa kunambia?"

Hakumfokea. Bi Mize anasema afadhali angemfokea. Alipanda juu, akazima spika zote nne, na tangu siku ile nyumba hii ikawa haina sauti. Watu walipomsalimia njiani alikata kichochoro. Mtu aliyekuwa akibishana wiki nzima na Hamid juu ya namba moja akawa hapokei simu yake.

Jumapili tarehe 22 Juni alipigwa na kiharusi, upande wote wa kulia, na ulimi ukafungika. Bi Mize alimlisha na kumwosha kwa miezi mitatu kasoro, akimsimulia kila kilichosemwa redioni, hata matokeo ya mpira asiyoyapenda, asifiche tena neno. Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, alfajiri, marehemu alifariki dunia akiwa kitandani mwake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, Anwar alisimama kama ilivyo ada, akauliza kama yupo mwenye haki yake kwa marehemu, ajitokeze alipwe, au amsamehe. Meneja akanyanyuka katikati ya watu, kanzu imenyooshwa, akasema, "Sisi marehemu tumeshamsamehe." Na nyinyi, wengine mliokaa hapa leo, mlimwitikia, "Allah akulipe kheri." Bi Mize alikuwa nyuma ya dirisha, kitambaa kinywani. Jirani yake Maisara ndiye aliyemshika asitoke.

Siku ya tatu mashine ikarudishwa na dereva, imetiwa ndani ya gunia, pamoja na magunia mawili ya mchele. Hamid alikuja kutoka Kiwengwa, akaiwasha, Nasima akamsomea daftari. Mashine hii huhifadhi tarehe na saa ya kila ilipoguswa. Namba za marehemu za tarehe 27 Februari zimo zote, hata moja haikupishana na mwandiko wa Bi Mize. Mabadiliko ya mwisho yamefanywa tarehe 13 Machi, saa tisa na nusu alasiri. Siku hiyo marehemu alikuwa Makunduchi kwa dada yake Sichana tangu asubuhi, akafuturu huko huko na watu wasiopungua ishirini. Anayebisha apande juu, mashine inawaka.

Mchele haukupikwa. Pilau mtakayokula leo ni ya mchele wetu, na magunia yale yako nyuma ya mlango, mwenyewe ayachukue akitoka.

Familia inataka kitu kimoja. Redio ile ile, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa kinywa kile kile, itaje jina kamili la Mahfoudh Mcha Nahodha na iseme kwamba hakuharibu kitu. Pole ya kunong'onezwa mlangoni hatuipokei.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mize, watoto wawili, Nasima na Mansour, wajukuu watatu, dada yake Sichana, na mdogo wake Anwar. Mola amrehemu, ampe kaburi lenye wasaa na utulivu ambao sisi aliotuacha hatujaupata.

Jana meneja alimtuma mtu kuuliza kama Bi Mize atamsamehe kwa niaba ya mumewe, mambo yaishe. Bi Mize alimjibu kutoka ndani, na ameagiza jibu lisomwe kama lilivyo: "Haki ya Mahfoudh anayo Mahfoudh. Akamwombe mwenyewe."