Joash Ombogo na Jumamosi Ambayo Hakuwa Kazini

Bw. Joash Ombogo amekitumikia kituo chetu cha mpakani kwa miaka ishirini na sita na miezi mitatu. Anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Desemba 1999, na sherehe imewekwa saa nane mchana kwa sababu yeye ni Msabato. Jua likishatua hatatia sahihi karatasi ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu, ikaniletea na rasimu ya kuanzia. Rasimu ilisema hivi: "Kwa muda huo wote alibaki katika cheo kimoja kwa kuwa ni mtu wa kuridhika." Niliisoma mara tatu, na mara zote tatu damu ilinichemka. Joash hakuridhika. Aliomba kupandishwa cheo mara nne, kwa mwandiko wake mzuri wa kialimu, na mara nne akanyimwa. Sentensi hiyo nimeikata kwa kalamu nyekundu. Dorah, anayetupigia taipu, aliiona akaniambia, "Lakini bosi, hii ni ya sherehe, si ya korti." Kweli ni ya sherehe. Basi tuanze na ya sherehe.

Joash alizaliwa Kasipul, nje kidogo ya mji wa Oyugis, akafundisha shule ya msingi kabla ya kuajiriwa hapa Oktoba 1973. Ualimu haukumtoka. Mtalii aliyefika dirishani pake alipewa somo kwanza. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita. Iwe na ukurasa mtupu wa kugongwa muhuri, na viza kwa raia wa nchi zinazodaiwa viza. Iwepo kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na tiketi ya kurudi kwao, na kama ana gari, karatasi za gari. Aliyahesabu kwa vidole, halafu akamwambia mgeni ayarudie. Nimemwona profesa mzima, mwenye ndevu nyeupe, akirudia kama mtoto wa darasa la pili, na alipoisahau homa ya manjano akaanzishwa upya.

Wageni wengi hawajui kwamba orodha ya nchi zinazodaiwa viza hubadilika kila mara. Siku hizo waraka wa kutueleza mabadiliko uliletwa na posta, na ulifika ukiwa umechelewa wiki tatu. Sisi wengine tulikisia. Joash alikwenda posta ya Migori kila Jumatatu, saa yake ya chakula, kupiga simu Nairobi na kuuliza. Majibu aliyaandika kwa penseli katika daftari la jalada la bluu, ili afute yakibadilika. Wakuu wa kituo wamekuja na kuondoka, lakini anayetaka kujua raia wa nchi fulani aingie vipi huuliza daftari liko wapi.

Mwaka 1988 alikuja Mjerumani mmoja kwa pikipiki, pasipoti yake imelowa mvua na kurasa zimeshikana kama chapati za jana. Maafisa wengine walisema arudi alikotoka, kwani viza isiyoonekana ni sawa na viza isiyokuwepo. Joash aliianika pasipoti dirishani. Akaazima kisu cha siagi kwa Bonareri wa chai, akaibandua ukurasa baada ya ukurasa. Viza ilipatikana ukurasa wa kumi na saba, saa tisa alasiri, Mjerumani akiwa amemaliza mandazi tisa. Hadi leo hutuma kadi kila Krismasi, nayo huandikwa kwa Joash, si kwa kituo.

Asidhani mtu kwamba huruma ilimfanya mlegevu. Mheshimiwa mmoja alipoleta mgeni asiye na viza, tena kwa gari la bendera, Joash alimwambia, "Jaduong', mzee wangu, mgeni wako namheshimu sana, lakini hii pasipoti haina viza. Akuje nayo, mimi nitagonga hata nikiwa usingizini." Mgeni alirudi alikotoka. Hakuna aliyempongeza Joash kwa hilo.

Sasa nije kwenye ile ya korti, na Dorah anisamehe.

Hapa kila afisa ana muhuri wake wenye namba, na wa Joash ni namba 4. Muhuri una vigurudumu vya tarehe, na kanuni ya kwanza tunayofundishwa ni kwamba usigonge pasipoti ya kwanza kabla hujaisoma tarehe. Joash naye ana kanuni zake za Ijumaa. Kabla jua halijatua viatu vinapigwa rangi, chakula kinapikwa, na muhuri pia unaandaliwa. Huuzungusha hadi tarehe ya Jumapili, siku atakayorudi kazini, kisha anauweka katika kisanduku cha mbao rafuni. Kituo kizima kilijua jambo hilo. Tulikuwa tukimtania kwamba Jumapili haijawahi kumfikia Joash, yeye ndiye huifuata.

Jumamosi tarehe 8 Agosti 1992 Joash alikuwa kanisani Migori akiongoza nyimbo. Kituoni palikuwa na afisa mmoja tu, kijana wa miezi mitano kazini, bado yuko katika majaribio. Mkuu wa kituo alitakiwa kuwa naye zamu, lakini alikuwa Homa Bay kwenye harambee. Afisa huyo alikuwa amelala kwao Kegonga, kwenye mazungumzo ya ng'ombe wa mahari ya kaka yake, na ufunguo wa droo yenye muhuri wake ameusahau huko katika suruali nyingine. Saa kumi na mbili unusu asubuhi lilifika lori la watalii, Waholanzi tisa, wana haraka maana ndege yao ilikuwa inaondoka Nairobi usiku uleule. Karatasi zao zilikuwa safi, viza zote, kadi zote. Afisa akachukua muhuri namba 4 kisandukuni. Hakusoma tarehe. Aligonga mara tisa, akawatakia safari njema.

Walipofika uwanja wa ndege, afisa wa pale alifungua pasipoti ya kwanza akaona kwamba mtu aliyesimama mbele yake ataingia nchini kesho. Akafungua ya pili, vilevile. Hakuweza kuwaruhusu kutoka watu ambao hawajaingia. Ndege ikaondoka bila wao, na mama mmoja kati yao akakosa harusi ya bintiye.

Afisa huyo aliyegonga muhuri ni mimi, Mwikwabe Mirumbe, mkuu wa zamu wa kituo hiki, niliyeombwa niandike jinsi Joash alivyoridhika.

Malalamiko yalipitia ubalozini, yakafika makao makuu, nayo makao makuu yakataka jina. Mkuu wa kituo alifungua kitabu cha mihuri akasoma: namba 4, Ombogo. Ratiba ya zamu ilikuwa imebandikwa ukutani, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake, nayo ilisema Jumamosi hiyo Ombogo ana mapumziko. Lakini anayeisoma ratiba kwa ajili ya Joash angeisoma pia kwa ajili ya mkuu mwenyewe, aliyekuwa harambee. Ratiba ikabanduliwa. Haijaonekana tena. Joash akaandikiwa barua ya onyo kali.

Alinikuta nyuma ya ofisi, penye tangi la maji. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwikwabe, ulisoma tarehe?" Nikaangalia viatu vyangu. Akasema, "Haya. Wewe bado uko probesheni, wakijua ni wewe watakufuta kesho. Mimi barua moja haiwezi niua, omera, ndugu yangu. Itazeeka tu huko ndani ya faili."

Haikuzeeka. Mwaka 1993 aliomba cheo, akajibiwa kwamba hana umakini katika matumizi ya muhuri. Mwaka 1994 jibu lilikuwa lilelile. Mwaka 1998 pia. Hana umakini! Mtu aliyeibandua pasipoti kwa kisu cha siagi bila kuchana ukurasa hata mmoja! Na mwaka 1996, ambao nimeuruka makusudi, nafasi aliyoiomba nilipewa mimi. Niliipokea. Joash ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mkono, na wiki iliyofuata akanifundisha kupanga ratiba ya zamu.

Nina hasira na mkuu yule, ambaye aliagwa kwa vigelegele na wasifu wa kurasa tatu. Nina hasira na ofisi inayomdai mgeni ushahidi wa kila kitu, chanjo, tiketi, picha mbili, kisha inamhukumu mtu wake yenyewe bila kuuliza alikuwa wapi siku hiyo. Nina hasira hata na Joash, kwa sababu wema wake ulinipa usingizi wa miaka saba nisioustahili. Zaidi ya wote nina hasira na Mwikwabe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Joash alikijua chake kwa jina, na alikisalimia kila asubuhi.

Leo nimeandika barua kwa makao makuu. Nimeeleza siku, saa, lori, kisanduku na suruali ya Kegonga. Nimeomba onyo liondolewe katika faili la Joash kabla halijafungwa, na liwekwe katika langu, lilikostahili kuwa tangu mwanzo. Nimeomba pia maombi yake manne yasomwe upya bila onyo hilo. Yatakayonipata yanipate. Nakala moja nimeibandika ukutani palipokuwa na ile ratiba, kwa pini nne. Dorah aliipiga taipu, kisha akauliza kama aongeze nakala moja ya Benta, mke wa Joash, ambaye miaka yote hii ameambiwa kwamba mumewe ni mzembe. Nikamwambia aongeze.

Jaduong' Joash, asante kwa daftari la bluu, ambalo umetuachia pamoja na penseli na kifutio. Asante kwa kila mgeni aliyeingia nchini akijua anachotakiwa kuwa nacho. Samahani ni neno dogo kwa miaka saba, lakini nalitamka mbele ya watu wote walioishika karatasi hii. Nenda Oyugis kwa amani, shamba likupokee vizuri, na Sabato ya kesho uipumzike yote, kwa maana huna tena muhuri wa kuandaa.

Ingawa umeuandaa. Ulipoukabidhi asubuhi hii nilifungua kisanduku nikakuta umeshauzungusha hadi Jumapili, kwa mazoea tu. Najua si utaratibu kugonga muhuri wa mpakani kwenye barua, lakini ile ya makao makuu nimeigonga kwa namba 4. Kwanza niliirudisha tarehe hadi leo, 31 Desemba 1999. Safari hii niliisoma.