Wathome Kimeu, Aliyeshusha Kalenda Zake

Marehemu Wathome Kimeu alizaliwa mwaka wa 1936 huku kwetu, karibu na Masii. Hapana, sio 1936. Ndivyo nilivyowaambia watoto waandike kwa jalada la programu, na wamekwisha kuchapisha, lakini juzi nimekumbuka kwamba alipozaliwa mimi tayari niliweza kubeba mtoto mgongoni. Kwa hivyo ni 1938. Mnisamehe. Mtu ambaye angenisahihisha ndiye huyu tunayemzika.

Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Kimeu na mama yetu Katunge. Wa kwanza ni mimi, Nzioka, ninayesoma haya.

Mwaka wa 1947 aliingia shule ya msingi hapa Masii, akaendelea mpaka darasa la nane. Mimi niliachia la tatu. Baba alisema mmoja achunge na mmoja asome, ili barua ikija nyumbani isikose mtu. Sikukasirika. Wathome akitoka shule alinikuta malishoni, ananisomea kila kitu alichookota njiani, hata karatasi iliyofungiwa sukari.

Mwaka wa 1961 aliandikwa kazi ya tarishi katika ofisi ya serikali Machakos mjini. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na miwili, akipeleka barua kwa miguu, na hakuna bahasha iliyowahi kupotea mkononi mwake. Katikati ya wiki alilala mjini. Nyumbani alikuja Jumamosi, na Jumamosi nyingine kazi ilimshika asije. Alistaafu mwezi wa Juni 1993.

Alimuoa Nthenya mwaka wa 1966. Mungu aliwapa Mbinya, Kimeu na Mwelu.

Sasa nije kwa kalenda, kwa sababu mtu hawezi kumsema Wathome akaziacha. Desemba 1965 alipeleka barua kwa duka la Kahin, yule mfanyabiashara wa mifugo, na Kahin akampa kalenda ya ukutani yenye picha ya ngamia. "Tarishi, chukua," akamwambia, "wewe ndiye unatuletea habari, wacha na mimi nikupe siku." Kuanzia hapo kila Desemba alirudi nyumbani na kalenda kwapani, za maduka, za benki, za kanisa. Hakutupa hata moja. Alizitundika juu kwa juu kwa msumari mmoja mpaka msumari ukalia, akaongeza mwingine. Nthenya alikuwa anamtania: "Baba Mbinya, nyumba yetu inashikiliwa na karatasi. Siku mchwa watakula, tutalala nje."

Na aliandika ndani yake. Mvua ya kwanza, ng'ombe imezaa, fulani ameoa, fulani ametuacha. Mwandiko mdogo, safi, wa penseli. Alipostaafu watu wakaanza kuja. "Mzee, niangalizie huyu alizaliwa lini, anaenda kuandikwa shule." Anavaa miwani, anafunua, anawasomea, na chai inatolewa. Sijawahi kumuona mtu mwenye furaha kama yeye akitafuta siku ya mtu.

Halafu ikaja ile kesi ya mwaka wa 2001. Nataka kuieleza polepole, kwa maana wengi mliisikia nusu.

Mzee Musyoka, jirani yetu, alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa ni Wambua. Mdogo alifariki, akamuacha mjane, Kalekye. Wambua akasema baba yao hakumgawia mdogo shamba. Kalekye akasema aligawa, wazee walikula mbuzi na mikonge ya mpaka ikapandwa. Lakini hiyo ilikuwa 1974, Kalekye alikuwa bado hajaolewa hapa, na wazee waliokula hiyo mbuzi walikuwa wamekufa. Chifu akasema, basi iletwe kalenda ya Wathome.

Alienda barazani amevaa koti lake la kazi. Akasoma kwa sauti: Alhamisi tarehe 15 Agosti, mzee Musyoka amefariki hospitali. Jumamosi tarehe 17, mzee Musyoka amegawa shamba, mbuzi imeliwa.

Wambua akacheka. "Wazee wangu, baba yangu alifufuka siku ya tatu akachinja mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Kalekye hakucheka. Kabla mwezi uishe alikuwa ametolewa, akaenda kupanga chumba Mlolongo.

Wathome hakulala vizuri tena. Wiki mbili alikaa chini na kalenda zake zote, anafunua moja moja. Siku moja asubuhi aliniita. "Kaka," akasema, "hebu angalia. Watu wa huku wote wanazaliwa Jumamosi? Ng'ombe wote wanazaa Jumamosi?" Ndipo akaona makosa yake. Yale ya mjini, kama kifo cha Musyoka, aliandika siku yake kamili kwa sababu alikuwa pale. Lakini ya nyumbani aliandika siku aliyofika akaambiwa. Mbuzi ile ililiwa mapema, yeye alisikia tarehe 17 alipokuja matanga.

Alirudi kwa chifu siku hiyo hiyo. Mimi nilimngoja nje. Akaambiwa faili imefungwa, na haiwezi kufunguliwa mpaka aje mtu aliye hai aliyeona hiyo mbuzi ikichinjwa. Alitoka akaniambia hivyo, akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Tulienda Mlolongo pamoja. Kalekye alikuwa anauzia madereva wa malori isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, karibu na mizani. Wathome alitoa ule ukurasa wa Agosti mfukoni, ameukunja mara nne.

"Mama, niliandika siku niliyosikia, sio siku ilitendeka. Makosa ni yangu."

Kalekye alifuta mikono kwa leso. "Mzee, hiyo karatasi yako inaweza kunirudishia kaburi la bwana yangu? Liko nyuma ya nyumba, na siku hizi nikienda kung'oa nyasi nabisha hodi kwa Wambua."

Wathome akaukunja tena ule ukurasa. Kalekye akatumiminia chai na hakukubali tulipe. Nafikiri ile chai ndiyo ilimuumiza zaidi.

Januari 2002, wiki ya kufungua shule, alizishusha zote. Miaka thelathini na sita. Aliweka meza nje, akachukua makasi ya Nthenya, akatuma habari kwamba mtoto yeyote aje na vitabu vyake vifunikwe. Mjukuu wake Carol alikuwa wa kwanza: "Umau, hii ya ngamia unifunikie ya hesabu!" Akamfunikia. Picha alielekeza nje, maandishi yakakaa ndani. Alikunja pembe kwa uangalifu sana, kitabu baada ya kitabu, siku tatu. Nthenya alimwambia abakishe hata ule mwaka wa harusi yao. Akasema, "Hapana, mama. Nikibakisha moja, watakuja kuuliza." Ukutani zilibaki tundu za misumari.

Desemba iliyofuata Mustaf, mtoto wa Kahin, alimletea ya mwaka mpya. Alishukuru, akaiacha kwa jirani. Tangu hapo alikuwa akiamka anamuuliza Nthenya, "Leo ni siku gani?" na akijibiwa anaitikia kwa kichwa tu.

Mwaka wa 2005 pressure ilimpanda, upande wa kulia ukafa ganzi. Septemba mwaka huu alilazwa. Nesi mmoja, mtoto mpole, alikuwa anapima akili yake kila siku: "Mzee, leo ni tarehe ngapi?" Wathome akanionyesha kwa ule mkono mzima. "Muulize huyu kaka yangu. Yeye ndiye anakumbuka siku." Alituacha Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2006, saa nne asubuhi. Hiyo nina hakika. Nilikuwepo.

Ameacha mjane, Nthenya, watoto Mbinya, Kimeu na Mwelu, wajukuu tisa, na mimi. Leo ni Jumamosi, siku yake ya kuja nyumbani. Alale salama, mpeleka barua wetu, mzigo ameutua.

Lakini kabla hatujashika koleo. Kalekye, nakuona umekaa pale nyuma. Wambua, wewe pia uko, na chifu yuko. Mzee Musyoka alichinja mbuzi Jumatano tarehe 7 Agosti 1974, siku nane kabla ya kufa. Mimi ndiye nilishika miguu ya nyuma, na mikonge mitatu ya kwanza niliipanda kwa mikono hii. Pale barazani karatasi ilisema vingine, nikajiambia, mtu wa darasa la tatu atabishana na karatasi? Baadaye nikaona aibu ya kuulizwa kwa nini nilinyamaza. Chifu, mtu aliye hai ndiye huyu.

Nesi alipotoka siku ile, niliinama karibu na sikio la ndugu yangu nikamuuliza. Alinitazama, akafumba macho. Nthenya nimemuuliza, hajui.

Wathome, ulijua kwamba nilikuwa pale?