Kikwembe cha Makamu Chisanga

Batata na bamama, ndugu zetu bote ba Hewa Bora na ba Ruashi, familia imenituma mimi Albertine, dada mudogo wa marehemu, niwasomee maisha yake, na nitasoma pole pole. Kikwembe chenye mumevaa leo musikikunje, maana nacho kimo mu hii historia.

Ndugu yetu Chisanga Mwape alizaliwa ku Kipushi, tarehe 14 Machi 1968, mutoto wa kwanza wa baba Mwape, fundi wa chini ya mugodi, na mama Chanda. Masomo alianzia kule kule, akamalizia hapa Lubumbashi mu 1987, mu shule ya ufundi, na pale njo alipata rafiki, Kalenga. Mu 1984, siku mashine ilikata ncha ya kidole kidogo cha Kalenga, mukono wa kuume, ni Chisanga alipasua shati yake ya shule, akafunga ile damu, akamubeba mugongoni mpaka ku dispensaire, kwa banganga, na nyumbani mama akamupiga kwa sababu ya shati.

Alifundisha hesabu ku Ruashi toka 1988 mpaka 2006, kisha akaingia mu chama cha siasa, akamuvuta na Kalenga, akamufundisha kusema mbele ya bantu, maana Kalenga wa siku zile, jamani, alikuwa anatetemeka hata akiomba maji ya kunywa.

Tarehe 6 Julai 1996 alimuoa Huguette, Kalenga akiwa mushahidi wa ndoa, na Mungu akabapa batoto batatu, wa mwisho ni Nono. Tarehe 10 Julai 2021 balifanya jubile ya miaka makumi mbili na tano, na Chisanga akapigwa picha pamoja na mushahidi wake, mukono wa kuume wa Kalenga juu ya bega lake. Ya ile picha zilitoka nakala mbili tu, moja ikabaki kwa Huguette, ingine Kalenga akaenda nayo.

Tarehe 8 Februari 2025 chama kilipata mukubwa mupya wa inchi nzima, akasema makamu wake atatoka huku kwetu, na bote balijua ni Chisanga. Yeye akapiga pasi suti yake, akangoja simu. Tarehe 22, jina halijatajwa bado, hivi vikwembe vikajaa muji, vya bure, sura ya Chisanga kubwa sawa sahani, sura ya mukubwa mupya chini yake, ndogo sawa kifungo, na maandiko: Makamu Wetu. Chisanga aliapa kwa batoto wake kama hakuagiza, na Kalenga akamwambia asihangaike, ni bantu banamupenda. Kesho yake Kalenga akapanda ndege ya Kinshasa, na kikwembe kimoja mu sakoshi. Mukubwa akamupigia Chisanga simu, akasema muntu wa kujiweka juu yake hawezi kuwa makamu wake, na tarehe 3 Machi redio ikataja jina: Kalenga.

Chisanga alianguka mbele ya ile redio, upande wa kuume ukafa, kinywa kikafungwa. Tarehe 14, siku yake ya kuzaliwa, Kalenga alikuja hospitali na suti mupya, akaelezea banganga, mugonjwa akisikia, kama ni tamaa ya vikwembe imemuleta pale, na ndugu yangu akalia, jicho moja tu. Alitutoka tarehe 19 Machi, saa tatu ya asubuhi.

Tunashukuru banganga, balimuosha sawa mutoto wao, na majirani ba Hewa Bora, balichota maji siku zote za kilio, na bafundishaji benzake ba Ruashi. Aksanti pia kwa mukubwa Kalenga, ametoka Golf, kule kwa batajiri, kuja kukaa hapa kiti cha mbele, naye amevaa kikwembe sawa sisi bote.

Sasa kila muntu aangalie chake, pale ku bega la Chisanga, mwenye alikata picha ya jubile alipitisha mukasi mubaya, akaacha vidole vine, na kidole kidogo hakina ncha. Picha ya Huguette, ile haikukatwa, iko juu ya sanduku, mupite mulinganishe. Mukubwa Kalenga, toa mukono mu mufuko, uage rafiki yako.

Kaka Chisanga, si wewe uliagiza, na leo bote baone. Pumzika sasa, kwa amani.