Waridi Jeupe la Nyumba Namba Nne

Mzee Leonidas Ntandu anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1954, baada ya kuitumikia reli kwa miaka thelathini na mmoja kasoro mwezi. Aliandikwa kazi tarehe 1 Agosti 1923, na ukiondoa miaka minne ya mwanzo, muda wake wote ameumalizia hapa Itigi, kwenye tangi la maji ya injini. Mimi, Antipasi, karani wa simu wa stesheni hii, nimeagizwa kuandika wasifu wake kwa sababu, asema stesheni masta, najua kuandika. Hilo la kujua kwangu kuandika nitalirudia, maana limo katika habari hii zaidi kuliko stesheni masta anavyofikiri.

Jioni ya leo Mzee atakabidhi ufunguo wa nyumba namba nne, na kesho asubuhi atapanda lori kwenda kwao Ihanja. Mizigo imekwisha fungwa. Kitu kimoja tu hakifungiki, nacho ni waridi jeupe lililo mlangoni pake. Marehemu mkewe, Mama Theodora, amezikwa Ihanja, na hamu ya Mzee ni kulipanda waridi lile juu ya kaburi. Mwaka jana alipeleka vipandikizi vinne. Vilikauka vyote, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuvimwagilia. Sasa anakwenda kukaa huko mwenyewe, lakini anakwenda mwezi wa Juni, wakati wa baridi na vumbi, na waridi la miaka ishirini ukiling'oa mwezi wa Juni umeliua. Mpaka mvua za Desemba lazima libaki hapa, na likibaki hapa litakuwa mikononi mwa atakayepewa nyumba. Wapangaji wa reli tunajijua: mmoja hufuga mbuzi, mwingine hufyeka uwanja wote kwa kuogopa nyoka. Wiki mbili zilizopita tulimwona Mzee amesimama mbele ya waridi lile na jembe mkononi, kwa kitambo kirefu. Kisha alirudi ndani na jembe lake.

Turudi mwanzo. Leonidas alianza kazi katika genge la njia, akitandaza kokoto, kisha mwaka 1927 akaletwa kwenye tangi na pampu. Mwenye kujua ukavu wa vichaka vyetu ataelewa uzito wa kazi hiyo. Injini isipopata maji hapa haifiki mbele, na kwa miaka ishirini na saba hakuna gari la moshi lililokwama kwa uzembe wake. Mwaka 1943, kisima kilipokaribia kukauka, alikuwa akipima maji kwa ufito kila saa na kupiga mstari wa chaki ukutani. Chaki zile zipo hadi leo na hatujathubutu kuzifuta.

Mawaridi aliyaanza kwa kuokota. Mwaka 1930 alitumwa Kilimatinde kupeleka vyombo, akakuta nyuma ya boma la zamani fito za miiba zilizopogolewa na kutupwa. Alizifunga katika gunia bichi, akatembea nazo mpaka Manyoni, akapanda gari la moshi amezipakata. Aliposhuka hapa, watu walidhani ameleta miswaki na wawili wakamwomba. Mwaka uliofuata miswaki ile ilitoa maua, na tangu hapo hakusafiri bila gunia.

Uwanja wake ulifika miche kumi na mmoja. Kuchagua kwake kulikuwa na masharti. Alisubiri miaka mitatu kabla ya kulisifu waridi lolote. Alilinusa saa nane mchana, jua likiwa kali, kwa sababu alisema asubuhi kila ua linanukia na huwezi kujua lipi la kweli. Liliposhindwa aliling'oa bila huruma. Yaliyofaulu yalipewa majina. Jekundu nene la katikati liliitwa Stesheni Masta. Lililochanua na kupukutika siku hiyo hiyo liliitwa Abiria. Lenye miiba mirefu aliliita Mama Mkwe, na mama mkwe mwenyewe alipokuja kutembea kutoka Ihanja tuliambiwa tufunge midomo. Dogo jeupe la mlangoni halikupewa jina. Mama Theodora ndiye aliyelipanda, mwaka 1934, na Mzee aliliacha kwa kumheshimu tu. Stumai, muuza asali wetu, alidai kwamba nyuki wa mizinga yake wanashinda kwa Leonidas, na kila msimu alimletea kibuyu kimoja cha asali akisema, "Shikamoo kaka, nimekuletea cha kwako."

Sasa nifike mwaka 1946.

Kiangazi cha mwaka ule kila nyumba ilipewa debe moja la maji kwa siku. Mke wangu Esta alikuwa na mtoto mchanga, na siku moja alirudi bombani na nusu debe, analia. Jioni hiyo hiyo nilimwona Leonidas akitoka upande wa tangi na madebe mawili yaliyoning'inia kwenye mti begani, yanachuruzika njia nzima mpaka uwanjani kwake. Katika nchi hii mtu akiona debe linachuruzika haulizi limebeba nini. Niliingia ofisini, nikachukua karatasi, nikawaandikia wakubwa wa njia kwamba mlinzi wa tangi anamwagilia maua yake maji ya injini. Sikutia jina langu.

Leonidas aliondolewa kwenye tangi, akarudishwa kwenye genge kuvunja kokoto, maili kumi na mbili kutoka hapa. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alikaa huko tangu Septemba mpaka Desemba, akija nyumbani Jumamosi. Bustani ikabaki kwa Mama Theodora, naye alikuwa na debe lile lile moja kama sisi. Baada ya kupika, kufua na kuoga, lilibaki beseni moja la maji machafu kwa miche kumi na mmoja. Alijaribu kuyagawa sawa, yote yakaanza kunyauka. Basi ikambidi achague.

Desemba inspekta alikuja kuyaona madebe yale. Ndani mlikuwa na majivu ya kuni, yale yanayomwagwa na injini shimoni na kuzimwa kwa maji kabla ya kuzolewa. Hakuna aliyekuwa akiyataka. Leonidas alikuwa akiyachanganya na samadi ya mbuzi na kuyalaza shinani mwa mawaridi yake. Inspekta alicheka, akamrudisha kwenye tangi siku hiyo hiyo. Lakini uwanjani Stesheni Masta alikuwa amekufa, na Abiria, na Mama Mkwe, na mengine. Yalibaki matatu, na lililostawi lilikuwa lile dogo jeupe.

Stesheni Masta ndilo waridi Leonidas alilolipenda kuliko yote. Alimwuliza mkewe kwa nini hakuliokoa. Ametusimulia wengi jibu lake: "Jekundu lina watu wengi, kila gari likisimama wanalisifu. Hili jeupe lina mimi tu."

Mama Theodora alifariki Machi 1951. Tangu hapo wageni wanaomwuliza Mzee waridi alipendalo huonyeshwa lile la mlangoni, naye hueleza kuwa si yeye aliyelichagua.

Nimeyaandika haya katika wasifu unaosomwa mbele ya watu wote kwa sababu kosa nililifanya kwa maandishi, na naona aibu kuliungama kwa kunong'ona. Jumapili iliyopita nilikwenda kwake kwanza. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia kwamba barua ya mwaka 1946 niliiandika mimi.

Mzee aliendelea kufunga kamba ya sanduku. Kisha akasema, "Nilijua, Antipasi. Inspekta alinionyesha ile karatasi. Mwandiko wako siujui? Barua zangu za Ihanja ananiandikia nani?"

Ni kweli. Yeye hajui kuandika, na kabla ya barua ile, na kwa miaka minane baada yake, amekuwa akija mezani kwangu kila mwisho wa mwezi, anakaa, ananitajia salamu za kwao nami naandika. Hata ya kuwaarifu ndugu msiba wa Mama Theodora aliniletea mimi. Nililia mbele yake, na sioni haya kulisema.

Kisha nilimpa habari niliyokwenda nayo. Nyumba namba nne niliiomba mimi, na Jumamosi ruhusa ilikuwa imetoka. Esta amekubali. Mbuzi wetu wawili tumemwuzia Stumai.

Mzee alinyanyuka, akanipeleka mlangoni, akanionyesha: majivu yasizidi konzi mbili kwa mwezi, maji ya kuogea yapoe kwanza, yamwagwe jioni, yasiguse majani. Halafu akafungua sanduku alilokuwa ameshalifunga, akatoa beseni la bati lililochubuka ukingo, akaniwekea mikononi. Beseni lenyewe lilikuwa la Mama Theodora.

Mzee Leonidas, stesheni nzima inakushukuru kwa maji yako ya miaka ishirini na saba, na kwa subira yako, ambayo mimi nimeinywa zaidi ya wote. Safari yako iwe njema, na nyumba yako ya Ihanja iwe na afya na amani. Barua zako atakuandikia mtu mwingine sasa. Mwambie anipe habari za mvua. Ikinyesha ya kwanza, nitapanda lori na gunia bichi mapajani, na wakiniuliza nimebeba nini nitawaambia ni miswaki ya Mama Theodora.